Dawa Imefika Mkiani

Ubao namba tisa ulikuwa umefunikwa kanga, nusu ya kushoto tu.

Mbao zote katika Kituo cha Njia za Dawa pale Tukuyu zilikuwa na pande mbili. Kulia kulikuwa na mstari uliopanda na kushuka, ukionyesha dawa ilivyojaa au kupungua ndani ya damu. Kushoto kulikuwa na mgonjwa mwenyewe, amechorwa kwa nukta za mwanga, kila nukta ikiwa ni punje ya dawa mahali ilipo saa hiyo. Mgonjwa alikaa kwake kijijini akipalilia maharage, na huku Tukuyu watu walikaa na vikombe vya chai wakitazama kidonge chake kinavyohangaika kwenye utumbo.

Kanga aliitundika Dokta Tusekile mwenyewe siku utafiti ulipoanza, kwa sababu mgonjwa namba tisa alikuwa baba mkwe wake.

Kwa Wanyakyusa wa ukoo ule, mwanamke hamtazami baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, halitaji jina lake, na wakikutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Siku hizi chai inachumwa na mitambo na vidonge vinaletwa mlangoni na droni, lakini mwiko huo haujasogea. Tusekile alikuwa ameolewa muda wa kutosha kuzaa watoto watatu na kuwasomesha, na alichokijua kuhusu mzee yule ni kikohozi chake. Kama huruhusiwi kumtazama mtu usoni, utamtazamaje kwenye kibofu? Ndiyo maana kanga ilitundikwa, na Tusekile akawa anasoma mstari peke yake.

Asubuhi ile fundi wa mitambo, bwana mmoja wa Mbinga aitwaye Kapinga, aliimwagia kanga ile uji wake. Akaivua akaiosha, akaianika dirishani. Tusekile alipoingia alikuta ubao uko wazi, akainua faili haraka akajifunika uso.

"Kapinga, rudisha kanga."

"Haijakauka, Dokta. Lakini naomba kuuliza kitu, na nauliza kwa heshima zote."

"Uliza."

"Mkwe wako ana matumbo mangapi?"

Tusekile alibaki nyuma ya faili lake. "Kapinga, huyo ni mzazi wangu."

"Ndiyo maana nimetanguliza heshima. Mimi nimehesabu manne. Nikavua miwani nikaifuta, nikahesabu tena kuanzia upande wa pili."

"Ubao umeharibika."

"Nimeupiga kofi. Yamebaki manne."

"Basi mzee anaumwa kitu kingine. Tutampeleka hospitali ya rufaa."

"Inawezekana," alisema Kapinga. "Ila Dokta, dawa imefika mkiani."

Faili lilishuka lenyewe.

Ubaoni alisimama ng'ombe. Alikuwa ng'ombe wa mwanga, mzuri, aliyetimia kila kiungo. Punje za dawa zilikuwa zinapanda kutoka tumbo la kwanza hadi mdomoni, zikasagwa kushoto na kulia, zikashuka tena. Nyingine zilikuwa zimejikusanya chini ya tumbo, kwenye chuchu nne, zinasubiri.

Tusekile alivuta kiti akakaa.

Mwezi mzima alikuwa amesoma mstari wa namba tisa akistaajabu. Dawa ya mtu wa kawaida huchora kilima. Inamezwa, inashuka tumboni, inaingia utumbo mwembamba, inachukuliwa na damu hadi kwenye ini. Ini ni kama forodha: linakata chake kwanza, kinachobaki ndicho kinachoruhusiwa kwenda moyoni. Mstari unapanda, halafu mafigo yanaanza kufagia na mstari unashuka. Wagonjwa wengine wote walichora kilima. Namba tisa alichora uwanda. Dawa ilipanda polepole, ikakaa siku mbili bila kuondoka, ikawa na vimatuta vidogovidogo visivyoisha. Na kila asubuhi na kila jioni ilipungua ghafla.

Namba tisa ndiye pekee mwenye miaka zaidi ya themanini. Tusekile akaandika kwamba miili ya wazee inaitunza dawa muda mrefu, kwa hiyo nusu ya kipimo itawatosha. Kuhusu ule upungufu wa asubuhi na jioni, aliandika kwamba mafigo ya mtu mzee hufanya kazi zaidi jua linapochomoza na linapozama. Aliitetea hoja hiyo kwa kurasa kumi na mbili. Profesa Rweikiza, mwenyekiti wa Baraza la Dawa Mpya, aliisoma akaupa ugunduzi ule jina: Mtulio wa Tukuyu. Alhamisi Baraza lingekutana kuupitisha, na kuanzia hapo kila mzee mwenye moyo mbovu nchini angepewa nusu.

"Yale si mafigo," alisema Tusekile polepole.

"Anakamuliwa," alisema Kapinga.

"Vidonge vinasema vimemezwa."

"Vimemezwa kweli. Punje inajua imefika tumboni. Haiulizi tumbo la nani."

Kapinga akauliza maziwa yale anakunywa nani. Tusekile alikumbuka kopo ambalo mama mkwe humletea kila Jumapili. Akakumbuka pia jinsi alivyokuwa analala vizuri siku za karibuni.

"Ni kidogo tu inayopita kwenye maziwa," alisema. "Hayaui mtu."

"Sikuuliza kama yanaua," alisema Kapinga. "Mimi nimeuliza nani anakunywa."

Jambo zito lilikuwa kwingine. Dawa hii ilikuwa haiuzwi popote. Waliokuwa nayo ni washiriki wa utafiti tu, na kanuni ilisema wazi: atakayedanganya kumeza anafutwa, harudi tena. Moyo wa mzee ulikuwa unaruka mapigo. Daktari wake alikuwa amesema bila kuzunguka kwamba asipopata dawa, mvua kubwa za mwaka huu atazisikilizia kaburini. Tusekile akisema ukweli, anamfuta baba wa mume wake. Akinyamaza, wazee wa nchi nzima watapewa kipimo kilichopangwa kwa tumbo la ng'ombe.

"Labda kuna maelezo," alisema.

"Yapo," alisema Kapinga. "Yanatafuna majani."

*

Kijijini, juu kidogo ya mto Kiwira, Tusekile alianza kukohoa tangu kwenye kona ya barabara, kama adabu inavyotaka, ili mzee apate muda wa kuingia ndani. Alisikia mlango ukifungwa. Mama mkwe alikuwa kizingitini anamenya ndizi. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mianzi, na nyuma ya ukuta, kikohozi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja siku ya kazi. Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu. Mama, naomba umuulize baba kama vidonge anameza."

Mama mkwe hakugeuka. Mzee alikuwa hatua tatu kutoka pale na masikio yake yalikuwa mazima, lakini maneno ya mkwe lazima yapite kwa mtu mwingine.

"Anauliza kama vidonge unameza."

"Mwambie vidonge vinamezwa."

"Vinamezwa," alisema mama mkwe.

"Na nani?"

Ndizi moja ilimenywa ikaisha.

"Anauliza na nani."

"Nimesikia. Mwambie hilo ni swali la polisi, si la mkamwana."

"Anasema anafikiria," alisema mama mkwe.

"Mwambie nimemwona Sista."

Sista alikuwa ng'ombe wao, mweusi mwenye kichwa cheupe kama amevaa shela. Alikuwa amefungwa nyuma ya jiko na alionekana ametulia kuliko ng'ombe yeyote katika wilaya ile. Mama mkwe aliweka kisu chini.

"Umempa Sista dawa?" aliuliza kuelekea ukutani. Safari hii alikuwa anauliza kwa niaba yake mwenyewe.

"Ndani ya ndizi."

"Na sisi tunakunywa maziwa yake."

"Mmekufa?"

"Ndiyo maana nasinzia kanisani," alisema mama mkwe. "Mchungaji ananitazama kama mlevi."

"Ulikuwa unasinzia tangu zamani."

"Mama," alisema Tusekile, "naomba anieleze kwa nini."

Mzee hakusubiri swali lipelekwe. Alianza kueleza, huku mama mkwe akirudia kila sentensi kwa sauti ileile, ikawa kama kanisani msomaji na wanaoitikia.

Alikusudia kumeza, alisema. Siku ya kwanza alishika kidonge mkono mmoja na maji mkono wa pili. Basi ile droni iliyokileta ikafungua mdomo wake wa bati ikasema: Meza, mzee, na usiogope, Dokta Tusekile atakuwa na wewe kila kitakapopita.

"Nikajiuliza kitapita wapi," alisema mzee. "Nikafuata njia yake yote kichwani, mpaka mwisho. Mwambie, nimemkwepa mwanamke huyu tangu alipoolewa. Nimeingia kwenye matope na viatu vya kanisani ili asinione. Nimelala nje siku alipokuja kumuuguza mama mkwe wake humu ndani. Leo nimpitishe kwenye utumbo? Sista hana mkwe."

Mama mkwe aliyarudia yote, isipokuwa utumbo, ambao aliuita "ndani ndani."

Tusekile alitazama ardhi. "Mwambie mimi sikumtazama. Ubao wake niliufunika kanga. Nimekuwa nasoma mstari tu."

"Kanga?" aliuliza mzee.

"Tangu siku ya kwanza, baba."

"Yote?"

"Upande wenye picha."

"Mbona mnaniruka?" aliuliza mama mkwe.

Tusekile alijifunika mdomo kwa aibu. Mzee alikohoa kidogo.

"Mwambie basi na yeye ni mjinga kama mimi."

"Anasema anashukuru," alisema mama mkwe.

Tusekile akaeleza habari ya Alhamisi. Alieleza kanuni ya kufutwa, na nusu kipimo, na wazee wa Singida na Newala na Bukoba watakaoimeza nusu hiyo wakiamini imewatosha. Alieleza kwa maneno mafupi. Alimaliza, na mama mkwe hakurudia. Hapakuwa na haja.

Tusekile alitumaini atasema yeye ameshaishi vya kutosha, kama wazee wanavyosema kwenye mazishi ya wenzao, ili mzigo ushuke kichwani pake. Mzee hakusema hivyo.

"Mwambie mimi bado nataka kuishi," alisema. "Nina ndizi sijakata. Nina kesi ya mpaka na jirani, na nikifa atashinda. Mwambie anyamaze Alhamisi hii moja, apitishe, na mimi kuanzia kesho nitameza kwa kinywa changu. Hao wa Singida simjui hata mmoja."

Mama mkwe alikuwa na desturi ya kupamba maneno kabla ya kuyapitisha. Haya aliyapitisha kama yalivyo.

Tusekile alisema amesikia. Akaaga. Alipofika kwenye kona alimsikia mzee akipaza sauti kwa mkewe, kwa makusudi ili ifike mbali: "Na kama ni lazima aseme, aseme fahali."

"Anakamuliwa," mama mkwe alimjibu.

*

Baraza lilikuwa na watu saba na sahani ya karanga. Profesa Rweikiza alikuwa amevaa tai mpya kwa ajili ya Mtulio wa Tukuyu. Alimkaribisha Tusekile kwa hotuba, akasema ugunduzi huu utafundishwa, akampa nafasi.

Tusekile alikuwa hajalala, maana maziwa alikuwa ameacha. Alisimama, akaangalia karanga.

"Mgonjwa namba tisa ni ng'ombe," alisema.

Profesa alitabasamu kwa uchungu. "Dokta, wagonjwa wengine ni wasumbufu, tunajua. Lakini hapa tunatumia lugha ya staha."

"Ni ng'ombe, Profesa. Anaitwa Sista. Ana ndama mmoja."

Aliwasha picha ukutani. Wajumbe wakatazama. Mmoja aliacha kutafuna, akaona ukutani nani anaendelea, akaweka karanga zake chini.

Tusekile alieleza kila kitu kwa mpangilio: kidonge, ndizi, cheuo, maziwa, kanga. Alisema Mtulio wa Tukuyu haupo, kwamba kurasa zake kumi na mbili kuhusu mafigo ni upuuzi, na nusu kipimo ingewaua watu. Hakulitaja jina la mzee. Hata angetaka, ulimi wake haukuwahi kujifunza njia ya kulitamka.

"Kwa hiyo mshiriki alidanganya," alisema Profesa. Alikuwa amelegeza tai. "Kanuni iko wazi. Anafutwa."

Tusekile aliinamisha kichwa. Alilijua hilo tangu alipokuwa akipanda ngazi kuja kikaoni.

Hapo mwanasheria wa Baraza, Mama Shekalaghe wa Lushoto, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kuombwa chochote kwenye vikao vile zaidi ya kusoma muhtasari, aliinua kidole.

"Tunamfuta nani?"

"Mzee."

"Mzee kameza kidonge kimoja?"

"Hata kimoja."

"Kanuni ya pili inasema mshiriki ni aliyemeza dawa ya utafiti. Huyu hakumeza, kwa hiyo hajawa mshiriki. Huwezi kumfukuza mtu kwenye nyumba asiyoingia. Aliyeshiriki ni ng'ombe." Alifunua ukurasa. "Na hapo ndipo tatizo letu. Ridhaa ya ng'ombe ilichukuliwa na nani?"

Baraza lilitumia saa nzima kwa ng'ombe. Mjumbe mmoja alitaka aombwe radhi. Mwingine aliuliza aombwe vipi. Profesa Rweikiza, ambaye ugunduzi uliokuwa ukifutwa aliubatiza yeye, alipendekeza jambo lote lizikwe, akakosa wa kumuunga mkono. Mwishowe waliamua: ng'ombe aondolewe kwa heshima, taarifa ya Tusekile ifutwe na jina lake liandikwe chini ya kosa, na kipimo cha wazee kisipangwe mpaka mzee halisi apimwe. Mzee aanze upya kama hajawahi kuwepo.

"Kwa sharti moja," alisema Mama Shekalaghe. "Anameza mbele ya mtafiti mkuu. Uso kwa uso, mdomo wazi, ulimi juu. Na ubao unasomwa pande zote mbili."

"Mtafiti mkuu ni mimi," alisema Tusekile. "Naomba amtazame mtu mwingine."

"Mwanangu, safari iliyopita kila mtu alimwachia mtu mwingine atazame. Tumeona nani alitazamwa."

*

Mzee alikubali baada ya siku mbili za kugoma na usiku mmoja moyo wake ulipoamua kupumzika kidogo bila kumuuliza.

Walimleta kituoni amevaa koti la harusi ya mwanawe. Kapinga alimkalisha kwenye kiti akiangalia ukuta. Tusekile akaingia kinyumenyume, akajigonga kwenye meza, akasimama akiangalia mlango. Wakawa wamepeana migongo, mama mkwe katikati na bilauri ya maji.

"Mwambie ageuke kwanza yeye," alisema mzee. "Ndiye mtafiti."

"Mwambie yeye ni mkubwa," alisema Tusekile.

"Maji yanapoa," alisema Kapinga.

"Yalikuwa ya baridi," alisema mama mkwe. "Geukeni wote, mimi nimechoka."

Wakageuka.

Mzee alikuwa mfupi kuliko kikohozi chake. Alikuwa na masikio makubwa ya mtoto wa pili wa Tusekile, na Tusekile alishtuka kuyaona yamevaliwa na mtu mwingine. Macho ya mzee yalitua kwake, yakakimbia, yakarudi yenyewe.

"Nilidhani wewe ni mnene," alisema.

"Nilidhani wewe ni mrefu, baba."

"Sauti inadanganya."

Alikitia kidonge mdomoni. Akanywa maji. Koo lilipanda likashuka.

"Fungua mdomo, baba," alisema Tusekile. "Inua ulimi."

Mama mkwe alifumba macho. Mzee alifungua. Tusekile aliinama akatazama kama kazi inavyotaka, kushoto, kulia, chini ya ulimi, nyuma ya jino lililobaki. Hapakuwa na kidonge. Kulikuwa na mzee tu.

Kapinga aliwasha ubao. Hapakutundikwa kitu. Nukta za mwanga zilianza kuchora mtu aliyekaa: tumbo moja, utumbo, mgongo uliopinda. Ilichukua muda. Mama mkwe alisinzia, na safari hii hakuwa na kisingizio. Upande wa kulia mstari ulianza kupanda, mwanzo wa kilima cha kawaida kabisa, kama cha mtu yeyote, na Tusekile aliona wazi kwamba mzee huyu atahitaji kipimo kizima, na wenzake wa Singida vilevile.

"Kiko wapi?" aliuliza mzee. Yeye hakuweza kuutazama ubao. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Kwenye ini, baba."

"Kinafanya nini huko?"

"Kinakatwa. Ini linachukua chake kwanza."

"Kama mwenyekiti wetu wa kijiji," alisema mzee. Akasubiri. "Na sasa?"

"Sasa kinaingia moyoni."

Mzee alishika ukingo wa kiti. Moyo wake ulikuwa pale ubaoni, mkubwa, umewaka wote, unafanya kazi yake vibaya mbele ya mkamwana wake.

"Unaona nini humo?"

"Naona pigo linaruka," alisema Tusekile. "Limeruka tena. Sasa limekuja. Limekuja lingine."

"Basi usigeuke," alisema mzee.